Maji Yanakohoa: Kutafuta Tatizo Kwenye Turbini ya Kujitengenezea

Huku kwetu vilimani Njombe miti ya miwati ni mingi, wati za umeme ndizo adimu. Ukiona kijito kinaporomoka nyuma ya shamba la mtu, jua mwenyewe ameshakitazama jioni fulani akiwaza taa. Wengine wameshavuka hatua ya kuwaza. Wamejenga banio, wamelaza bomba, wamechomelea gurudumu, na usiku mmoja taa ikawaka watoto wakashangilia. Wiki tatu baadaye taa inaanza kufifia, na hapo ndipo simu zinapoanza kuniingia.

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu ambaye mtambo wake uliwahi kufua umeme na sasa unamsumbua. Sielezi kujenga tangu mwanzo. Naenda dalili kwa dalili, nikianza juu kwenye maji na kushuka hadi chini kwenye waya, na mpangilio huo nausisitiza kwa sababu mimi niliuruka ukanitia hasara. Mwaka wa pili tangu niwashe, taa zilififia nikaishuku jenereta. Nikaifungua, nikaipakia kwenye basi hadi Makambako kusukwa upya koili, nikalipa, nikarudi, nikaifunga. Taa zikawaka vilevile, hafifu kama tochi ya betri zilizochoka.

Mzee jirani yangu, ambaye ujanani alisimamia mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji, alikuja akasimama mlangoni pa kibanda cha mtambo akatega sikio.

"Kamwene, mwanangu. Haya maji yako yanakohoa. Sasa hiyo dawa unampa nani?"

Tukapanda naye hadi kwenye tangi la juu. Mfuko wa mbolea ulikuwa umevutwa ukaziba nusu ya mdomo wa bomba, na ile nusu iliyobaki ilikuwa inavuta maji na hewa pamoja, ikigugumia. Tukauchomoa. Hatujafika nusu ya mteremko kurudi, taa ya kibandani ilikuwa inaonekana mchana kweupe. Koili za jenereta hazikuwa na kosa lolote. Sasa ni mpya, basi.

Pima presha mara mbili kwanza

Hesabu ya kukumbuka ni hii: mita za mteremko wa wima, zidisha kwa lita za maji kwa sekunde, zidisha kwa 5, unapata wati unazoweza kutarajia kwa mtambo wa kienyeji. Kwa nguvu za maji peke yake ungezidisha kwa 9.8, lakini karibu nusu inapotelea kwenye bomba, gurudumu, mkanda na jenereta. Mimi nina mita 22 na lita 6, kwa hiyo natarajia wati 660. Asiyejua namba zake mbili hawezi kujua kama mtambo wake unaumwa au ndio ulivyozaliwa. Nimeshaitwa kwa mtu analalamika anapata wati 90 tu. Tukapima: mita 6, lita 3. Mtambo wake ulikuwa mzima kabisa.

Lita zinapimwa kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu: ndoo ikijaa kwa sekunde 10, una lita 2. Kijito kikubwa kisichoingia kwenye ndoo, kizibe kwa muda kwa ubao na udongo, yote yapite kwenye kipande cha bomba, halafu kinga.

Kisha nunua geji ya presha. Ni kitu kidogo, wauza pampu na mabomba wanacho, na kuna wanaotumia fedha nyingi kwenye mtambo wakashindwa kununua hiki tu. Ifunge chini, kwenye bomba kabla ya koki. Maji yaliyosimama kwa kila mita 10 za wima yanasukuma takriban baa 1 (siyo ile ya vinywaji), hivyo mita zangu 22 zinanipa 2.2. Soma koki ikiwa imefungwa, kisha isome mtambo ukiwa kazini. Kama zahanati wanavyokupima ukiwa umelala na ukiwa umesimama, jibu liko kwenye tofauti ya namba hizo mbili.

Koki ikifungwa na geji isifike inapopaswa, bomba halijajaa au linavuja mahali. Ikifika vizuri lakini inaporomoka sana ukifungua, maji yanabanwa njiani, au nozeli, kile kidomo chembamba kinachorushia maji kwenye gurudumu, inataka zaidi ya kinacholetwa. Ikiwa kazini inasoma juu kuliko kawaida yake, karibu sawa na ilipofungwa, na taa ni hafifu, basi nozeli yenyewe imeziba: maji yana nguvu ila hayatoki. Na ikiwa namba zote mbili ni zile za siku zote, acha maji, njoo upande wa gurudumu na jenereta. Kwangu, kazini, geji inasoma 2.1.

Taa zinafifia kidogo kidogo, halafu zinapepesa

Hili ndilo kubwa, na nitakaa hapa.

Kufifia kwa saa au siku kadhaa ni takataka. Huku kwetu adui ni sindano za paini. Jani pana la mgomba au la parachichi linalala juu ya wavu wa kuchujia maji yanapoingia na unaliona. Sindano za paini zinajisuka zenyewe kama mkeka, zinaacha maji yapite kiasi, unadhani wavu ni safi. Pitisha kidole. Wavu uliosimama wima au uliolala bapa hujaa upesi. Uinamishe kama paa la nyumba, maji yapite juu yake na mengine yashuke kupitia kwenye matundu, takataka zisukumwe mbele zianguke zenyewe. Mimi nilikuwa nasafisha kila asubuhi. Tangu niinamishe wavu, naweza kukaa siku nne.

Kupepesa ni hewa. Tazama juu ya mdomo wa bomba ndani ya tangi. Ukiona maji yanazunguka kama yanayoingia kwenye tundu la sinki, na kishimo katikati, bomba linanyonya hewa. Mdomo uko karibu mno na uso wa maji. Ushushe, au uupindishe kwa kiwiko utazame chini, na maji yaliyo juu yake yasipungue kina cha mkono mmoja hivi. Kwa dharura, ubao unaoelea juu ya kile kizunguzungu hukivunja, nimeshautumia mwezi mzima. Hewa nyingine hukaa kwenye migongo, pale bomba linapopanda kidogo kufuata kilima kabla ya kushuka tena. Hapo maji yanapita chini na kiputo cha hewa kimekaa juu kama mpangaji asiyelipa. Nyoosha bomba liwe linashuka muda wote, au toboa mgongo uweke kikoki kidogo cha kutolea hewa.

Sasa kiangazi. Mvua zetu zinaisha Mei, na kuanzia Agosti hadi zinaporudi Novemba kijito kinakonda. Mtu anasema, "Maji yamepungua, ndiyo maana umeme umepungua." Kweli, lakini nusu. Lita zangu 6 huwa 2 mwezi Oktoba. Kwa hesabu ile natakiwa nibaki na wati 220. Ukiacha nozeli ileile ya masika hupati hata nusu ya hizo, kwa sababu tundu linataka lita 6, linamaliza kilichopo, maji ndani ya bomba yanashuka, na mita 22 zako zinakuwa 10, 8, 5. Bomba tupu halina presha.

Dawa ni kubadilisha nozeli. Ya masika ina tundu la milimita 19.5, ya kiangazi ina milimita 11. Maji yakiwa theluthi, eneo la tundu nalo liwe theluthi, na kipenyo kinatoka hizo milimita 11. Zangu nimezichonga kwa kipande cha shaba kwenye mashine ya kukereza, zinafungwa kwa mkono, zinakaa kwenye kopo juu ya rafu. Kipimo cha kujua ya sasa inafaa ni rahisi sana: panda kwenye tangi la juu mtambo ukiwa kazini. Tangi linamwagika kidogo? Sawa. Limeshuka chini ya mdomo wa kumwagia? Nozeli ni kubwa, weka ndogo. Linamwagika kama maporomoko? Unaachia wati ziende zake.

Na hapo kiangazini usichukue kijito chote. Walio chini yako wana ng'ombe na bustani, na kipande cha mto kati ya banio lako na pale unapoyarudisha maji hakitakiwi kukauka. Kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya maji ya bonde: vijito vinavyoshukia Ruhuhu viko chini ya Bonde la Ziwa Nyasa, vinavyoshukia Ruaha Mkuu viko Bonde la Rufiji. Ugomvi wa maji na jirani ni tatizo ambalo geji haipimi.

Geji inaporomoka ukifungua koki, na wavu ni safi

Bomba ni jembamba. Jirani wa ng'ambo ya bonde ana mteremko sawa na wangu, mita 22, bomba la urefu uleule wa mita 140, nozeli ileile. Mimi nimelaza la milimita 110, yeye kwa kubana matumizi akalaza la 63. Imefungwa, geji zetu zinasema sawasawa. Zikiwa kazini, yangu 2.1, yake 1.3. Umeme wake ni nusu ya wangu, na nguvu nyingine inaishia kwenye msuguano wa maji na kuta za bomba.

Alichofanya kabla hajaniita ndicho wanachofanya wengi: akapanua tundu la nozeli, maji yawe mengi. Umeme ukashuka zaidi. Maji mengi kwenye bomba jembamba husuguana zaidi. Ukiongeza kasi mara mbili, hasara inakaribia mara nne. Tukarudisha nozeli ndogo, akapata nafuu kiasi, na sasa anabadilisha bomba vipande vipande kila akiuza viazi.

Ikiwa bomba ni pana na bado geji inaanguka, kuna kitu ndani. Chura mkubwa, jiwe, au bomba limebonyea. Bomba hubonyea lenyewe: mdomo wa juu ukiziba ghafla huku maji ya chini yanaendelea kutoka, ndani panabaki utupu, na bomba jembamba la plastiki linasinyaa kama mfuko wa maziwa ulionyonywa. Simamisha bomba dogo la kupumulia mara tu baada ya tangi la juu, mdomo wake uwe juu kuliko uso wa maji. Ni kazi ya nusu saa.

Kishindo kwenye bomba na viungo kufumuka ni mkono wako. Koki ya kugeuza mara moja ukiifunga ghafla, maji yote yaliyomo bombani yanagonga kama lori lililokata breki. Funga ukihesabu hadi ishirini. Kwa kusimamisha gurudumu haraka, weka bati la kukinga mbele ya nozeli, unalivuta kwa kamba linageuza mshale wa maji unaotoka nozelini uende pembeni, bomba halijui chochote. Mengine kuhusu bomba: jua linalikausha linakuwa kama ganda la yai, na moto wa kuandaa mashamba wa Septemba haulionei huruma. Lifukie.

Mvua kubwa, umeme mdogo

Hii huwachanganya watu. Mto umejaa, tangi la juu linamwagika, geji inasoma vizuri, na taa zimekuwa njano. Sikiliza gurudumu. Kawaida linavuma kwa mluzi. Siku hiyo linasikika kama mtu anayepiga kasia. Maji ya mto yamepanda hadi kwenye kibanda, au mfereji wa kutolea umeziba, na gurudumu linaoga. Gurudumu la vikombe linatakiwa lizunguke hewani. Likigusa maji chini, kila kikombe kinachota na kubeba, na nguvu yote inaishia kwenye kuchota.

Usiku ule fukua mfereji wa kutolea. Kiangazi kikija, inua mtambo. Utapoteza nusu mita ya mteremko na kuokoa masika yote. Ukijenga upya, muulize mzee wa eneo hilo maji yaliwahi kufika wapi, kisha panda juu ya hapo.

Masika huleta mchanga pia. Tundu la nozeli linalika, mshale wa maji unatoka umesambaa kama ufagio badala ya fimbo, vikombe vinapata mikwaruzo. Wa Rungwe, wenye udongo wa volkano, wananiambia nozeli za plastiki kwao hazimalizi msimu. Tangi la juu liwe refu kiasi maji yatulie, mchanga uzame, na liwe na tundu la chini la kuutolea.

Gurudumu linakimbia likiwa halina mzigo, ukiwasha taa ya pili linakata pumzi

Geji sawa, banio sawa. Fungua kifuniko uangalie mshale wa maji unapopiga. Unatakiwa upige kwenye ukingo wa katikati, ule unaogawa kikombe, ujigawe nusu kwa nusu. Mshale ukipiga pembeni, nusu ya kikombe inafanya kazi na nyingine inatazama, na beringi ya upande mmoja itakufa mapema. Umbo hilo la kikombe chenye ukingo wa kati ni la Lester Pelton wa Marekani, aliyelipatia hataza mwaka 1880, na ndilo hilohilo lililoko kwenye kituo cha umeme wa maji cha Kihansi: pale mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja inazungushwa na maji yanayoshuka zaidi ya mita 800. Tofauti na yangu ni ukubwa tu, huwa najisemea nikiwa napaka grisi.

Kisha tazama maji yanavyotoka. Yakidondoka chini yamechoka, kama mtu aliyetoka kulima, gurudumu limeyavua nguvu. Yakiruka bado yana mbio, nguvu yako imeenda nayo. Hapo kasi haijalingana. Kikombe kinatakiwa kikimbie takriban nusu ya mwendo wa maji. Kwa mita zangu 22 maji yanatoka kama mita 20 kwa sekunde, kwa hiyo vikombe viende 9 na kitu. Gurudumu langu ni la sentimita 30 kutoka katikati ya kikombe hadi cha upande wa pili, hivyo linataka mizunguko 600 kwa dakika. Jenereta inataka 1,500. Puli ya gurudumu sentimita 25, ya jenereta 10, imetoka. Aliyefunga jenereta moja kwa moja kwenye shafti ya gurudumu kubwa, au aliyeokota puli zozote gereji, ndiye huyu anayekatwa pumzi. Kupima kasi, weka alama ya chaki kwenye puli urekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole, uhesabu.

Wenye mteremko mfupi wa mita 3 au 5 na maji mengi, gurudumu la vikombe si lenu. Tengenezeni lile la pipa lenye mapanga yaliyokatwa kutoka kwenye bomba la chuma lililopasuliwa. Maji yanapita mapanga mara mbili, yakiingia na yakitoka.

Na mkanda uliolegea unateleza ukibebeshwa mzigo. Ushike baada ya kuzima. Ukiwa wa moto, umekuwa ukiteleza.

Gurudumu linazunguka vizuri, volti hakuna

Inategemea umefunga nini.

Wengi wamefunga mota ya fezi tatu kuwa jenereta, pamoja na kapasita, vile vikopo vinavyotunza chaji. Mota haina sumaku ya kudumu. Inategemea mabaki kidogo ya usumaku kwenye chuma chake, na kapasita zinayakuza. Ikiwa iliwahi kuelemewa mzigo ikazima ghafla, au ilikaa muda mrefu, mabaki hayo yanapotea. Inazunguka tu kama feni. Simamisha gurudumu, chomoa kapasita na mzigo wote, gusisha betri ya volti 12 kwenye ncha mbili za koili kwa sekunde chache, toa. Rudisha kapasita, washa bila mzigo wowote, ngoja volti zipande, ndipo uwashe taa. Ukianza na taa zimeshawashwa haitapanda kamwe. Zungusha kidogo zaidi ya 1,500 kwa mota ya kasi hiyo, siyo pungufu.

Haijapanda? Kapasita imekufa. Nunua zile za kufanya kazi muda wote, zenye kuhimili volti 400 au zaidi, usichukue za kuwashia mota tu, hizo hupasuka. Na kabla hujagusa kapasita yoyote, itoe chaji kwa balbu ya zamani ya waya. Mtambo umesimama, yeye bado ana umeme. Nilisahau mara moja nikakaa chini bila kuambiwa.

Alteneta ya gari ni habari nyingine. Inataka mizunguko zaidi ya elfu moja kwa dakika ndipo ianze kuchaji, na inataka umeme kidogo wa betri kuamsha sumaku yake. Betri imekufa kabisa, alteneta nayo haiamki. Kwa jenereta ndogo zenye brashi, angalia brashi: zikibaki fupi kama kucha, badilisha.

Balbu zinaungua kila siku

Gurudumu la maji halina akili ya kupunguza. Likibebeshwa taa sita linakwenda mwendo wake. Mkizima nne kwenda kulala, nguvu ileile inabaki na kazi ndogo, kasi inapanda, volti zinapanda, balbu mbili zilizobaki zinalia paa. Mkanda ukikatika, gurudumu tupu linaweza kufika karibu mara mbili ya mwendo wake wa kazi. Usisimame usawa wake.

Wenye uwezo wanafunga kidhibiti mzigo cha elektroniki, ambacho kila taa ikizimwa kinapeleka umeme wake kwenye hita iliyozama kwenye pipa la maji. Wasio na uwezo tunafanya hivi: taa hazizimwi. Wageni kutoka mjini hushangaa wakiona balbu inawaka saa sita mchana kweupe, wanaona tunafuja. Maji yanapita yenyewe, na mzigo usiobadilika ndio kidhibiti chetu. Ukitaka kuchomoa friji au redio kubwa, washa kitu kingine kwanza.

Ukifunga hita, hakikisha pipa halikauki. Mama watoto wangu anaoshea vyombo maji yale, kwa hiyo ndiye mkaguzi.

Kibandani taa kali, nyumbani mshumaa

Ni waya. Pima volti kibandani, pima nyumbani, taa zote zikiwaka. Nyumba ikiwa mita 300 kutoka kijitoni, umeme unasafiri mita 600, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 na wati 660 za volti 230, unapoteza kama volti 13, unavumilika. Kwa waya wa 1.5, zaidi ya 20. Lakini yule anayetaka kuzileta wati hizohizo kwa volti 12 kutoka kwenye alteneta asahau. Waya wa 2.5 utamaliza zote njiani. Volti 12 betri ikae palepale kibandani.

Maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa mfuko wa nailoni ndiyo yanayofuata kwa lawama. Yaguse baada ya kuzima. La moto, ndilo.

Kelele, joto, tetemeko

Beringi ikianza kukwaruza, weka ncha ya bisibisi juu yake na mpini sikioni. Ikisaga kama mchanga, imekwisha. Karibu kila mara iliuawa na maji yaliyopenya kutoka upande wa gurudumu. Funga kipande cha mpira wa tairi kwenye shafti, duara, kati ya gurudumu na beringi, kirushe matone pembeni kabla hayajafika. Grisi kila mwezi, siyo kila ukikumbuka. Tetemeko jipya lililoanza ghafla ni kikombe kilichopasuka au kung'oka: zima muda huohuo, kwa bati la kukinga, usisubiri asubuhi.

Fremu inatetema mkononi kama wadudu

Hiyo siyo tetemeko, huo ni umeme unaovuja, na sakafu ya kibanda chako ina maji. Usiguse tena. Vuta bati la kukinga kwa kamba, gurudumu lisimame. Kisha tafuta waya uliochubuka au koili iliyolowa. Kabla ya kuwasha, fremu iwe imeunganishwa na chuma cha ethi kilichozama kwenye udongo wenye unyevu, na ile swichi inayokata umeme ukivuja iwe imefungwa kwenye njia ya nyumbani. Mtoto asiingie kibandani bila mkubwa, hata kama amejifunza kusoma geji.

Wangu amejifunza. Nyuma ya mlango wa kibanda tunaandika kwa chaki kila asubuhi: presha, volti, tangi. Leo ameandika yeye: 2.1, 228, linamwagika.